Bwana Afya Hakutaka Niwe Binamu

Mpaka leo mtu akiniambia kwamba zamani watu wa Shinyanga walikuwa na heshima, hasira hunipanda, nami namuuliza: heshima kwa nani? Mimi nilifika mji ule mwanzoni mwa miaka ya sabini nikiwa na cheti cha kupiga chapa, kazi ya serikali na sanduku la bati, na hakuna aliyekubali kunipangisha chumba. Vyumba vilikuwapo. Niliviona kwa macho yangu, vimefagiliwa, madirisha wazi, vinangoja mtu. Lakini kila mwenye nyumba aliniuliza mume wangu yuko wapi, na nikisema sina, chumba kilikuwa kimeshapata mpangaji papo hapo.

Mmoja wa mtaa wa Ngokolo alinikubalia asubuhi, mkewe akanikatalia mchana. Mwingine alisema wasichana wa ofisini huleta wanaume. Na yuko mmoja ambaye sitamsahau, mtu mzima mwenye wajukuu, aliyeniambia kwamba chumba anacho ila mlango hauna komeo kwa ndani, na kwamba yeye ndivyo apendavyo. Huyo siku za sikukuu alikaa mstari wa mbele, pamoja na waheshimiwa.

Ndiyo maana nataka kumsimulia Bwana Afya. Jina lake nalijua, lakini mjini hakuna aliyelitumia, hata mshahara wake nadhani ulikuja kwa jina la Bwana Afya. Alikuwa mkaguzi wa afya, mtu mrefu mkavu, kaptula ya kaki na soksi mpaka magotini, na baiskeli nyeusi iliyojulikana kuliko gari la mkuu wa mkoa. Kwao sikuwahi kupafahamu vizuri. Alikuwa akisema "kisiwani" tu, kama vile ziwa lina kisiwa kimoja.

Tulikutana kwa sababu ya kunguni. Nilikuwa nikilala kwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni ya reli, yenye vitanda vya kamba na walevi wanaokosea milango. Asubuhi moja aliingia na mwenye nyumba akimfuata nyuma kwa maelezo, akageuza godoro langu, akachungulia kwenye pindo, akaguna. Kisha akaniona mimi nimesimama pembeni na mikono iliyovimba kwa kuumwa. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akauliza niko pale tangu lini na kwa nini. Nilimweleza kwa ukali, maana nilishachoka kueleza kwa unyenyekevu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema nyumba anayopanga yeye na dereva wa idara ya maji ina chumba cha tatu, kwa kuwa aliyekuwamo amehamishiwa Geita.

"Mlango una komeo kwa ndani," alisema. "Choo kiko uani, tunakiosha kwa zamu. Zamu utaiweza?"

Nikasema nitaiweza. Hakuuliza kabila wala dini, na habari ya mume hakuigusa. Jioni ile ile nikahamia.

Nimesikia watu wakicheka hadithi za namna hii, mwanamke mmoja na wanaume wawili nyumba moja, wanagongana mlangoni na mataulo. Kwetu mambo ya kuchekesha yalikuwapo, sikatai. Siku ya kwanza niliamka mapema nikawapikia chai wote, kama nilivyolelewa. Bwana Afya akatoka chumbani, akaitazama birika, akauliza kama leo ni zamu yangu. Nikasema hapana. Akaniambia nisiibe zamu ya mtu. Basi chai yangu akainywa, lakini kesho yake Kulwa, yule dereva, alilazimishwa kuamka alfajiri kupika ya kwake, na ile chai ya Kulwa ilikuwa nyeusi kama oili ya gari.

Kulwa alikuwa Msukuma wa Kishapu, mnene, mcheshi, ambaye kinywani mwake herufi R haikukaa. Mimi Rejina nilikuwa Lejina, na siku akifurahi nilikuwa "mayu", yaani mama. Kila akirudi kwao alileta michembe gunia zima, viazi vikavu ambavyo tulivichemsha na kuvila na karanga mpaka tukachoka. Alimwogopa Bwana Afya kama mtoto anavyomwogopa mwalimu, na alimpenda vile vile.

Mjini kote waliomwogopa walikuwa wengi kuliko waliompenda. Baiskeli yake ikionekana mwisho wa mtaa, hotelini vitambaa vichafu vilitupwa chini ya meza na vikombe vikaanza kuoshwa upya. Aliingia jikoni bila kunyanyua sauti. Alifunua sufuria, akanusa, akapiga magoti kutazama nyuma ya mapipa. Akitoka alisema kitu kimoja: "Nimeona," na mwenye hoteli alibaki akijaribu kukisia alichokiona. Hakunywa chai ya mtu akiwa kazini. Hata soda hakuikubali.

Siku moja mwenye bucha, ambaye alikuwa amefungiwa wiki nzima kwa ajili ya nzi, alileta nyumbani ini zuri limefungwa kwenye gazeti. Nililipokea mimi, kwa furaha, nikalikatia vitunguu. Bwana Afya aliporudi alilifunga tena na vitunguu vyake, akapanda baiskeli, akalipeleka mbele ya wateja na kuliweka juu ya kaunta. Sijui alisema nini, lakini tangu siku ile mwenye bucha alikuwa adui. Sisi tulikula ugali na mlenda. Kulwa alikaa na huzuni ya lile ini mpaka Jumapili.

Usidhani namsimulia malaika. Alivuta sigara kali ndani ya nyumba huku akituhutubia habari za mapafu. Alichemsha maji ya kunywa hata ya mvua, lakini aliogopa kwenda hospitali, jino lilimuuma miezi akajitibu kwa karafuu. Alisema mwanamke ana akili sawa na mwanamume, na siku aliyopita ofisini kwetu akanisikia nikimsahihishia bosi wangu barua kwa simu, alicheka kwa fahari. Ila baiskeli yake hakunipa hata siku moja, kwa sababu aliamini mwanamke juu ya baiskeli ni hatari kwa magari. Nilimuuliza hatari ya nini. Akasema ni hatari tu, akageuza mazungumzo. Choo alikiosha kwa mikono yake, wakati wa zamu ya kupika akaungua vidole bila kulalamika, lakini kufua shuka zake alipeleka kwa mama mmoja wa jirani, kwani kufua, alisema, kuna utaalamu wake.

Na alikuwa na mke. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote, na nililijua baadaye, kwa Kulwa. Mke alikuwa kisiwani, akilima kwa mama mkwe, na Bwana Afya alikwenda kuwaona mara moja kwa mwaka, wakati wa likizo. Nilipomuuliza kwa nini hamleti mjini, alijibu kwamba hakuna nafasi. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na cha tatu alikuwa amenipa mimi. Nilimwambia hivyo hivyo. Alizima sigara yake, akasema mimi ni mfanyakazi nisiyekuwa na pa kulala, na mkewe ana nyumba. Nilitaka kumwuliza kama mke mwenyewe alishaulizwa. Sikumwuliza, kwa sababu nilikuwa mpangaji kwa hisani yake na nilikuwa bado kijana.

Maneno yalianzia bombani. Wanawake wa mtaa waliokuwa wakinipokea ndoo wakaacha kunipokea. Mmoja, aliyekuwa akiuza maandazi, aliniambia kwa upole wa uongo kwamba siku hizi mabinti wa serikali wana bahati, wanaposwa na wawili kwa mpigo. Ofisini nako karani mkuu akaniita, akafunga mlango, akasema ofisi haiwezi kuwa na mpiga chapa anayeishi na wanaume wawili, ni aibu kwa mkoa. Naomba msomaji asikie vizuri: karani mkuu huyu huyu, mwezi niliofika, alikuwa ameniahidi chumba huko Kambarage kwa sharti la yeye kuwa na ufunguo wa pili. Nilikataa, na hiyo haikuwa aibu kwa mkoa. Aibu ilikuwa mimi kulala nyuma ya komeo langu mwenyewe.

Mwenye nyumba yetu alikuwa Mzee Athumani, mfanyabiashara wa kanga na mafuta ya taa, mtu wa asili ya pwani aliyezaliwa hapa hapa, mpole, na balozi wa nyumba kumi. Kwa hiyo alipokuja Jumapili moja mchana na wazee wengine wa mtaa, alikuja kwa mamlaka mawili. Waliketi uani kwenye viti vyetu, sisi watatu tukasimama. Mwenye bucha alikuwa miongoni mwao, na sikuona ajabu.

Mzee Athumani hakutukana mtu. Alisema watu wanalalamika. Alisema yeye binafsi hana neno, anajua sisi ni watu wazima, lakini lazima awe na jambo la kuwaambia. Alizungukazunguka mpaka nikaelewa kwamba anatuomba uongo. Kama mmoja wetu ni ndugu, basi yamekwisha. Kama mmoja anataka kuoa, vizuri zaidi.

Kulwa alielewa haraka kuliko mimi. Alisema, huku akinishika bega, kwamba mimi ni binamu yake, mtoto wa shangazi yake kabisa, na kwamba kosa ni lake kutolitangaza mapema. Mimi ni Msumbwa wa Ushirombo, na sura zetu hazifanani hata kidogo, lakini Mzee Athumani aliachia pumzi na kutabasamu. Wazee wakaanza kukusanya kofia zao. Nami nilikuwa tayari. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwita Kulwa binamu.

"Si kweli," Bwana Afya alisema.

Wote wakamgeukia.

"Si binamu wa mtu hapa. Ni mpangaji. Chumba chake kile, changu hiki, cha Kulwa kile pale. Analipa kama tunavyolipa."

Mzee Athumani akamwuliza, kwa sauti ya mtu anayemsihi mwenzake asijidhuru, kama ni mpangaji tu, kwa nini akae na wanaume.

"Kwa sababu nyinyi mlimkatalia," Bwana Afya akasema. "Wewe mwenyewe, mzee, una vyumba viwili vitupu nyuma ya duka. Alikuja kwako. Ulimwambia nini?"

Ilikuwa kweli, nilikwenda kwake nikakataliwa kabla Bwana Afya hajanileta katika nyumba yake hii, ingawa Mzee Athumani alikuwa ameshasahau kwamba yule msichana ni mimi. Mwenye bucha akainuka akasema huyu bwana amezoea kutukana watu majikoni mwao, sasa anatukana wazee. Baada ya hapo hakukuwa na mazungumzo. Mzee Athumani, akitazama chini, alisema mwisho wa mwezi binti aondoke.

Walipotoka nilimgeukia Bwana Afya, si wao. Nilimwambia kwamba ukweli wake ni mzuri sana kwa kuwa anayefukuzwa si yeye. Kulwa alikuwa amenipa njia, njia ndogo, ya uongo mdogo usiomwumiza mtu, naye ameiziba ili ajisikie msafi.

Hakukasirika. Alisema, "Ukikubali kuwa binamu, atakayekuja baada yako naye atatafutiwa binamu."

"Atakayekuja baada yangu hajalala na kunguni," nikamjibu. "Mimi nimelala nao."

Alifikiri. Nakumbuka alivyofikiri, kwa sababu watu wengi wakiambiwa neno kama lile hutafuta la kujibu, na yeye hakutafuta. Alisema, "Hilo ni kweli pia," akaingia chumbani kwake. Kwa siku nyingi niliona jibu lile halitoshi. Bado sina hakika kama linatosha.

Nilipata pa kwenda kwa masista wa misheni, kitanda kwenye chumba cha wanafunzi wa ushonaji. Siku ya kuondoka Bwana Afya alifunga sanduku langu kwenye baiskeli yake ili anisindikize. Nilitaka tupite njia ya nyuma, kwenye mashimo ya taka, ambako hapapiti watu. Akakataa. Ilikuwa siku ya gulio. Alisukuma ile baiskeli katikati ya mji, polepole, mimi pembeni yake, akisalimia kila mtu kwa jina lake: mwenye hoteli, fundi cherehani, yule mwuza maandazi, hata mwenye bucha. Kwa kila mmoja alisimama, akasema, "Namsindikiza Bibi Rejina, anahama. Mwenye nyumba kamwondoa." Nilikuwa nikiwaka kwa aibu mpaka tulipofika kwenye duka la Mzee Athumani, ambako mzee mwenyewe alijifanya anapanga kanga na hakuinua macho. Hapo aibu ilinitoka. Iliyobaki ilikuwa hasira, na hasira inatembea vizuri zaidi.

Naye hakubaki. Hakuna aliyemfukuza, lakini mwezi uliofuata alitoa kitanda chake nje na kurudisha ufunguo. Kulwa alihamia kwa kaka yake, huko Ibadakuli. Wakati huo huo wale aliowafungia majiko na mabucha walipata walichokuwa wakikitafuta, wakapeleka ofisini kwake malalamiko kwamba bwana huyu anafuga mwanamke na kutukana wazee. Aliitwa, akaulizwa, na nasikia alijibu vile vile alivyojibu uani: ni mpangaji. Akahamishiwa Nkome, mwaloni, ufukweni wavuvi wanakoshusha samaki, kukagua dagaa. Wakati ule kumpeleka mtaalamu Nkome kulikuwa sawa na kumwambia akae kimya.

Mimi niliolewa miaka michache baadaye, na mwalimu, mtu mwema ambaye simlaumu kwa lolote. Tulipotafuta chumba tulipata vitano kwa siku moja. Mzee Athumani alitupa kimojawapo cha vile vya nyuma ya duka, na mkewe akatuletea mkeka wa zawadi. Nilikuwa mtu yule yule, na sauti yangu haikubadilika, wala kazi. Kilichoongezeka ni mwanamume wa kusimama mbele yangu mlangoni. Mkeka ule niliutumia mpaka ukaisha, lakini shukrani nilizotoa siku ile zilikuwa za mdomoni tu, na bado zinaniudhi.

Nilimwona Bwana Afya mara ya mwisho katikati ya miaka ya themanini. Mume wangu alikuwa amehamishiwa Geita, mji uliokuwa ukijaa wachimbaji wa dhahabu kutoka kila pembe, na mimi nilianza kuuza dagaa kwao kwa kuwa mshahara ulikuwa haufiki popote. Nilikwenda Nkome kwa lori. Sikwenda kumtafuta, lakini nilipouliza nani ana dagaa wasio na mchanga, kila mtu alinielekeza nyumba moja.

Alikuwa amestaafu. Nywele nyeupe, kaptula ile ile au ndugu yake, ameketi kwenye kigoda akichambua nyavu. Hakushangaa. Aliniitikia marahaba, akaniuliza habari za Kulwa, ambazo sikuwa nazo. Mwanamke mnene mwenye kitenge kifuani alitoka nyuma ya vichanja vya dagaa, akatutazama. Bwana Afya akasema huyu ni Rejina, aliyekuwa mpangaji kule Shinyanga.

Mama yule aliweka ungo chini.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema.

Niliinuka kuanza kujieleza, jambo ambalo sikulifanya hata mbele ya wazee wa mtaa. Akanikalisha kwa mkono. Alisema habari ilimfikia kisiwani kwamba mumewe anaishi na mwanamke mjini. Alimwuliza alipokuja likizo, naye akasema ni mpangaji. Hakumwamini. "Angesema ni binamu yake ningeamini," alisema. "Mpangaji ni nini? Nani anasema hivyo?" Basi aliposikia mume kahamishiwa Nkome, akajua kaja na mwanamke wake. Akachukua watoto, akamuaga mama mkwe, akapanda mtumbwi, na mchi wa kinu ameuficha kwenye mkeka.

"Nilikuja kukupiga," aliniambia, bila kucheka. "Nikakuta nyumba tupu na mwanamume anajipikia uji. Nikaweka mzigo chini. Nikasema, sasa mimi siondoki."

Nilimgeukia Bwana Afya. Hasira iliyonipanda ilikuwa mbichi kama ya siku ile uani. Nilimwuliza: miaka yote ile, ukamtetea mgeni mbele ya mji mzima, ukapoteza cheo, na huyu ilibidi aletwe na umbea?

Aliacha nyavu. Alinitazama mimi, kisha mkewe. Mtu aliyekuwa na jibu kwa kila balozi na kila mwenye bucha alikaa pale akiwa hana neno, na mkewe alimwacha akae hivyo. Hakumsaidia. Nadhani alikuwa ameshangoja miaka mingi mtu mwingine amwulize.

Mzee mmoja alipita na kasia begani, akasimama, akatusalimu, kisha akamwuliza Bwana Afya, kama watu wa mwaloni wanavyouliza, mama huyu ni nani yake.

Bwana Afya akavuta pumzi ajibu.

"Ni mgeni wangu," mkewe akasema. Akaniambia nisogee kivulini, kisha akamtuma mumewe akalete maji ya kunawa, na Bwana Afya akainuka.